SOMO LA MIFUGO NA AFYA: Mfundishe Mbwa Wako Choo Kimoja



Mbwa wa Kajiado ana kazi. Kule Mashuuru, Magadi na Loitokitok analinda mbuzi na kondoo. Kitengela, Ongata Rongai na Ngong analinda geti usiku. Kazi hizo anazifanya vizuri kwa sababu kuna mtu aliyemzoesha. Jambo moja ambalo maboma mengi hayamzoeshi ni mahali pa kwenda haja. Akifunguliwa huzunguka na kujisaidia anapopenda: kando ya mlango wa jikoni, kwenye mchanga wanakochezea watoto, katikati ya sukuma wiki, au kwa jirani.

Wengi huona hilo kuwa suala la uchafu na harufu tu. Somo hili litaonyesha kwamba ni suala la afya ya watu, hasa watoto wadogo, na kwamba mbwa wa aina yoyote anaweza kuzoea choo kimoja kwa majuma machache, bila kupigwa na bila gharama kubwa.

1. KINYESI CHA MBWA KINA NINI?

Mbwa anaweza kuonekana mzima, mwenye manyoya mazuri, na bado awe na minyoo tumboni. Aina tatu zinatuhusu sana.

Minyoo ya mviringo. Hii hupatikana zaidi kwa watoto wa mbwa, kwa kuwa wengi huambukizwa na mama yao kabla ya kuzaliwa au wanaponyonya. Mayai yake hutoka na kinyesi, na huhitaji majuma 2 hadi 4 hivi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Baada ya hapo yanaweza kukaa kwenye udongo miaka kadhaa. Mtoto anayetambaa na kutia mikono mdomoni ndiye anayeyameza. Viluwiluwi vyake huzunguka mwilini na vinaweza kudhuru ini, mapafu au jicho.

Minyoo ya safura ya mbwa. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye mchanga wenye unyevu na hupenya ngozi ya mtu anayetembea bila viatu. Mtu hupata mstari mwekundu unaojipinda chini ya ngozi na kuwasha sana.

Tegu mdogo wa mbwa. Huyu ni mnyoo wa milimita chache tu, lakini ndiye hatari zaidi kwa jamii za wafugaji. Mbwa humpata kwa kula mapafu au ini lenye vifuko vya maji, la kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, na mengine hunata kwenye manyoya yake. Mtu akiyameza, vifuko kama vile vya kondoo huota ndani yake, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu. Mgonjwa huja kugundua tumbo limevimba, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Kaunti ya Turkana imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathirika zaidi na ugonjwa huu, na nchi ya Wamaasai pia inao.

Angalia tofauti muhimu. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji majuma kadhaa kukomaa, kwa hivyo kinyesi kikizolewa kila siku hatari hupungua sana. Mayai ya tegu huweza kuambukiza mara tu yanapotoka. Kwa tegu, kuzoa peke yake hakutoshi. Lazima mbwa apewe dawa na azuiwe kula viungo vibichi vya mifugo.

Hapa ndipo choo kimoja kinaposaidia. Mbwa anayejisaidia mahali pamoja, kinyesi chake kinaonekana na kinazoleka. Akiharisha utajua siku hiyo hiyo. Akipewa dawa ya minyoo, utaweza kukusanya na kuzika kila kitakachotoka. Mbwa anayejisaidia kila mahali hukunyima nafasi zote tatu.

2. MBWA HUJIFUNZAJE?

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ili haja itoke, naye mama huisafisha. Anapofikisha majuma 3 hivi huanza kusogea mbali na anapolala ili akojoe. Hiyo ni tabia aliyozaliwa nayo: mbwa hapendi kuchafua malazi yake. Kazi yako ni kuiongoza tu.

Kuanzia majuma 8 hivi, huanza kuzoea aina ya ardhi anayoikanyaga anapojisaidia. Akizoea saruji atatafuta saruji, na akizoea mchanga atatafuta mchanga. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kumleta nyumbani yana uzito mkubwa.

Jua pia uwezo wake wa kujizuia. Kwa makadirio, hesabu umri wake kwa miezi kisha ongeza moja. Wa miezi 2 anaweza kujizuia kama saa 3 mchana, wa miezi 3 kama saa 4. Hizo ni saa za mwisho kabisa. Ni vizuri kumtoa mapema zaidi. Hata mbwa mzima asilazimishwe kujizuia zaidi ya saa 8.

3. HATUA NANE ZA MAFUNZO

Hatua ya 1: Chagua mahali. Tafuta pembe ya ua yenye udongo au mchanga, mbali na jikoni, tangi la maji, bustani ya mboga na wanapochezea watoto. Kama unaishi kwenye ploti yenye wapangaji wengi, kubaliana kwanza na mwenye nyumba na majirani. Ukiweza, zungushia miti au matofali ili watoto wasiingie.

Hatua ya 2: Acha harufu. Siku ya kwanza, weka hapo karatasi iliyoloa mkojo wake au kinyesi chake kidogo. Mbwa husoma kwa pua. Harufu yake mwenyewe humwambia kwamba hapa ndipo.

Hatua ya 3: Mlishe kwa saa maalumu. Mtoto wa mbwa apewe chakula mara 3 kwa siku, saa zilezile, na sahani iondolewe baada ya dakika 20. Chakula kikiingia tumboni, utumbo huanza kusukuma. Anayekula kwa saa maalumu huenda haja kwa saa maalumu. Maji yasikosekane mchana kutwa.

Hatua ya 4: Mpeleke mwenyewe kwa kamba. Mpeleke kila anapoamka, kila anapomaliza kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Simama palepale, usimchezeshe, umpe dakika 5 hadi 10.

Hatua ya 5: Tumia neno moja. Anapoanza kujisaidia sema kwa sauti ya upole neno mlilochagua, kwa mfano "choo". Nyumba nzima itumie neno hilo hilo, liwe la Kiswahili, Kimaa, Kikamba au lugha yoyote mnayozungumza.

Hatua ya 6: Mpe zawadi mara moja. Akimaliza tu, ndani ya sekunde mbili au tatu, msifu na umpe kipande kidogo cha ugali au nyama iliyochemshwa. Ukisubiri hadi mrudi mlangoni, atadhani anazawadiwa kwa kurudi.

Hatua ya 7: Msirudi haraka. Kaa naye dakika moja zaidi, kwa kuwa wengi hawamalizi mara moja. Akigundua kwamba matembezi huisha anapojisaidia tu, ataanza kujizuia ili abaki nje.

Hatua ya 8: Msimamie katikati ya safari hizo. Awe machoni pako au katika kibanda chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala. Ukimwona ananusa chini, anazunguka mahali pamoja au anaacha mchezo ghafla, mpeleke upesi.

Ratiba hii inamfaa mtoto wa mbwa wa miezi 2 hadi 3:

Saa 12 alfajiri: choo, mara tu anapoamka
Saa 1 asubuhi: chakula, kisha choo
Saa 4 asubuhi: choo
Saa 7 mchana: chakula, kisha choo
Saa 10 jioni: choo baada ya mchezo
Saa 1 usiku: chakula, kisha choo
Saa 4 usiku: choo kabla ya kulala
Saa 8 usiku: choo mara moja, bila mchezo wala maneno mengi

Mtu mmoja ashike jukumu hili, na wengine wamsaidie. Likiwa la kila mtu, halitafanywa na yeyote. Ukifuata ratiba bila kuruka, utaona mabadiliko katika majuma mawili ya kwanza, na wengi huzoea kwa mwezi mmoja hivi. Ajali za hapa na pale zinaweza kuendelea mpaka afikishe miezi 6.

4. AKIKOSEA UFANYE NINI?

Ukimkuta anajisaidia pasipofaa, piga makofi mara moja ili ashtuke kidogo, kisha mpeleke chooni amalizie, na umsifu akimalizia huko. Ukikuta ameshamaliza, safisha na unyamaze. Mbwa hawezi kuunganisha hasira yako ya sasa na kitendo cha nusu saa iliyopita.

Kumpiga au kumsugua pua kwenye kinyesi humfunza jambo moja tu: kwamba ni hatari kujisaidia mbele yako. Ataanza kujificha nyuma ya stoo au chini ya kitanda, na ukimpeleka chooni atakataa kujisaidia ukiwa umesimama karibu.

Osha pale alipokosea kwa sabuni na maji mengi, kisha kwa maji yenye siki, ili harufu isimwite tena. Epuka dawa zenye amonia kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo. Usimwage jiki juu ya mkojo, wala usichanganye jiki na siki, kwa maana hutoa hewa inayodhuru mapafu.

5. MBWA MZIMA ANAYEFUNGWA MCHANA

Nyumba nyingi za mjini hufunga mbwa kibandani tangu alfajiri na kumfungua usiku. Hizo ni saa 12 au zaidi. Atachafua malazi yake kwa kukosa njia, na baada ya muda ile tabia ya kuzaliwa ya kuepuka uchafu hufifia. Huyo ndiye mbwa ambaye baadaye husemwa ni mchafu.

Dawa yake ni kumtoa kwa kamba angalau mara 3: alfajiri kabla ya kufungwa, mchana, na jioni. Ikiwa mchana hakuna mtu nyumbani, elewana na jirani au mlinzi, au jenga kibanda chenye sehemu mbili, ya kulala na ya kujisaidia, iliyomwagwa mchanga unaozolewa kila siku. Usimfungulie barabarani akajisaidie kwa wengine. Kwanza, unahamishia jirani hatari ya minyoo. Pili, mbwa anayezurura hupata kichaa cha mbwa, hugongwa na magari, na hula mizoga yenye tegu.

Kwa mbwa mzima fuata hatua zilezile nane, kana kwamba amefika leo. Anaweza kujizuia zaidi kuliko mtoto, kwa hivyo safari zitakuwa chache.

6. KUZOA NA KUTUPA

Zoa kila siku, asubuhi na jioni ikiwezekana. Tumia sepetu au jembe la zamani lililotengwa kwa kazi hiyo tu, au gazeti. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usiitegemee.

Tupa kwenye choo cha shimo. Kama hakuna, chimba shimo la nusu mita kwenda chini, angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, mto au lambo, na ufunike kwa udongo kila mara. Usikitumie kama mbolea ya mboga. Samadi ya ng'ombe na mbuzi ni kitu kingine; kinyesi cha mbwa hubeba minyoo inayomwambukiza mtu.

Kazi ya kuzoa ifanywe na mtu mzima. Baada ya kuzoa, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watoto wafundishwe kunawa kila wanapomshika mbwa na kabla ya kula, na mbwa asiachwe amlambe mtoto usoni wala kumsafisha anapojisaidia. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

7. DAWA YA MINYOO NA NYAMA YA KUCHINJA

Mtoto wa mbwa huanza kupewa dawa ya minyoo akiwa na majuma 2, kisha kila majuma mawili hadi majuma 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa mzima apewe angalau kila miezi 3. Kipimo hutegemea uzito, kwa hivyo mwone daktari wa mifugo au afisa wa mifugo.

Si kila dawa ya minyoo huua tegu. Taja wazi kwamba unataka dawa yenye prazikwanteli. Mbwa wa boma la mifugo, au anayezunguka karibu na kichinjio, huihitaji mara nyingi zaidi, hata kila majuma 6. Baada ya kumpa, mfunge siku mbili. Kinyesi cha siku hizo hutoka na minyoo pamoja na mayai ambayo dawa haiyaui. Kizoe chote, ukichome au ukizike kwa kina. Mbwa aliyezoea choo kimoja hurahisisha kazi hii sana.

Mnapochinja nyumbani, kagueni mapafu na ini. Mkiona vifuko vyenye maji, msimtupie mbwa. Zikeni kwa kina asipoweza kufukua, au mchome. Kama viungo vitatumiwa kulisha mbwa, vichemshwe nusu saa nzima kwanza.

8. DALILI ZA UGONJWA

Mbwa aliyekwisha kuzoea choo akianza ghafla kukosea, usikimbilie kusema amekuwa mkaidi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiona mojawapo ya haya:

- kinyesi chenye damu, au kuharisha zaidi ya siku moja;
- anajikamua bila kitu kutoka, au anakojoa matone matone;
- anakunywa maji kuliko kawaida na kukojoa mara nyingi;
- vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi au kwenye manyoya ya nyuma;
- mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Huyu apelekwe siku hiyo hiyo, kwani huenda ni ugonjwa wa parvo, unaoua haraka na unaozuilika kwa chanjo.

Mkojo nao unaweza kubeba homa ya leptospira, inayoambukiza watu kupitia maji machafu au vidonda. Usimruhusu mbwa kukojoa karibu na maji ya matumizi, na ulizia chanjo yake.

9. MASWALI YA KAWAIDA

Mbwa wangu hula kinyesi. Nifanye nini?
Watoto wengi wa mbwa hufanya hivyo. Zoa mara tu anapomaliza, mwite kwa zawadi aondoke hapo, mpe dawa ya minyoo, na uhakikishe anashiba.

Wakati wa mvua anakataa kwenda chooni.
Weka kipaa kidogo cha mabati juu ya sehemu hiyo na mtoke pamoja. Akiachwa peke yake kwenye mvua atarudi mlangoni bila kujisaidia.

Mbwa wa jirani hujisaidia kwangu kila usiku.
Anza kwa kuongea na jirani. Mpe nakala ya somo hili. Asiposikia, mhusishe mzee wa nyumba kumi, kisha chifu au afisa wa afya ya umma wa wadi. Usimtegee mbwa sumu. Sumu huweza kumfikia mtoto, mifugo na tai, na ukatili dhidi ya wanyama ni kosa la kisheria.

10. JIPIME BAADA YA MWEZI MMOJA

Jibu ndiyo au la:

(a) Je, mbwa wetu ana sehemu moja ya kujisaidia, na kila mtu nyumbani anaijua?
(b) Je, kuna mtu mmoja mwenye jukumu la kumtoa na la kuzoa?
(c) Je, kinyesi huzolewa kila siku na kutupwa shimoni?
(d) Je, tunajua tarehe ya dawa yake ya mwisho ya minyoo, na kama ilikuwa na prazikwanteli?
(e) Je, tulipochinja mara ya mwisho, tulikagua mapafu na ini kabla ya kumpa mbwa chochote?
(f) Je, amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa katika mwaka huu?

Palipo na "la", anzia hapo juma hili. Kwa ushauri, dawa na tarehe za chanjo, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako: Kajiado Kaskazini, Kajiado Kati, Kajiado Mashariki, Kajiado Magharibi au Kajiado Kusini. Mtu mwenye uvimbe tumboni unaokua polepole, au mtoto mwenye tatizo la jicho lisiloeleweka, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na daktari aelezwe kwamba nyumbani kuna mbwa.